Uliza Ujibiwe: Kulala porini na farasi kwenye makorongo ya Arizona na Utah

Toleo lililopita tuliongelea kupanda farasi kwa siku moja karibu na mjini, basi barua zikamiminika na nyingi zinauliza kitu kimoja: je nikitaka kwenda mbali, siku nne tano, huko kwenye milima na makorongo ya jangwa la Marekani ambako hakuna barabara wala duka wala mtandao? Wengi wenu mnaishi huko huko, Phoenix, Tucson, Salt Lake City, na kuna wanaofanya kazi kwenye mazizi kabisa, kwa hiyo si ndoto. Nimechagua chache. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu maana zingine zote zinaiegemea.

Jambo kaka. Mimi ni mtu wa Goma, sasa naishi Phoenix na familia. Wikendi nasaidia kwenye zizi moja nje ya mji, na bosi amesema mwezi wa 11 tutaenda milima ya Superstition siku tano, watu wawili na farasi wanne, wawili wa kupanda, wawili wa mizigo. Nikamuuliza maji tutabeba ngapi, akacheka tu akasema utaona. Nisaidie kaka, tubebe kiasi gani? Baba Watatu, Phoenix

Jambo sana ndugu yangu. Bosi amecheka kwa sababu maji ya farasi hayabebeki, piga hesabu utaona mwenyewe. Farasi wa kilo 450 hivi anayetembea siku nzima anakunywa kama lita 40, jua likiwa kali anafika 60 na kupita. Bidoni la lita 20 unalijua, lina kilo 20. Mabidoni mawili ni siku moja ya farasi mmoja, kwa hiyo farasi wanne ni mabidoni manane, kilo 160, kwa siku moja tu! Na farasi wa mizigo ukitaka asiumie mgongo usimpakie zaidi ya kilo 70, 80 hivi. Yaani hao wenu wawili wangebeba maji peke yake, bila hema, bila sufuria, bila chakula cha mtu, na kesho yake asubuhi yameisha mnabaki mnaangaliana.

Kwa hiyo mnachofanya ni kulala palipo na maji. Safari ya farasi jangwani haipangwi kwa vituo vizuri vya kupiga picha wala kwa kilomita mnazotaka kutembea, inapangwa kwa chemchemi, leo hii, kesho ile, na umbali kati ya maji na maji ndio urefu wa siku yenu. Kama ni mrefu mno basi njia hiyo si yenu, hata iwe nzuri namna gani, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama kwa sababu wanaanza na ramani ya vivutio alafu ndio wanatafuta maji, wakati ilitakiwa waanze na maji.

Na ramani isikudanganye. Alama ya bluu inasema maji yaliwahi kuonekana pale, haisemi yapo leo. Chemchemi nyingi za Superstition zinategemea mvua za majira yaliyopita, zingine mwezi wa 3 zinatiririka, mwezi wa 10 ni tope tu na nyuki. Piga simu ofisi ya Tonto National Forest, msitu wa serikali ambamo milima hiyo imo, alafu tafuta mtu aliyepita njia hiyo wiki hiyo hiyo, sio mwaka jana, maana hapo mwaka 2019 moto wa Woodbury uliunguza zaidi ya ekari 120,000 na baada ya moto kama huo njia hubadilika, miti inaanguka, vichaka vya miiba vinaziba, mvua inachimba mitaro pale palipokuwa na njia. Eneo la Reavis Ranch, palipo na kijito na miti ya matofaa ya zamani, ni sehemu inayopendwa na watu wa farasi, lakini hata huko uliza kwanza.

Kitu kingine, msipige kambi juu ya maji. Arizona ni kosa kisheria kulala ndani ya robo maili, kama mita 400, ya kisima cha porini au birika la mifugo kiasi cha kuwazuia wanyama wasifikie maji pekee yaliyopo karibu. Mi naiheshimu sana hiyo sheria. Kuna swala na kondoo wa milimani wanaosubiri giza waje kunywa, wakikuta moto na farasi wanageuka na kiu yao. Nywesheni, jazeni vyombo vyenu, sogeeni mbali. Kwenye vijito pia kambi na kamba za farasi zikae kama mita 60 kutoka majini, mavi na mikojo isiingie.

Bebeni ndoo za turubai zinazokunjwa maana maji mengine yako kwenye mashimo ya mwamba ambako farasi hafiki, wewe unachota. Na wiki kadhaa kabla ya kuondoka mzoezeni kila farasi kunywa kwenye ndoo na kwenye mito na mabwawa tofauti, kuna farasi amezoea birika la nyumbani tu, anafika kwenye kijito kizuri ananusa anakataa, na huwezi kumlazimisha. Asubuhi msiondoke mpaka wote wamekunywa. Njiani kila mkikuta maji simameni, hata kama mmekunywa saa moja iliyopita. Ya binadamu ndio mnabeba, lita 4 hadi 6 kwa mtu kwa siku, na chujio la kuongezea.

Alafu jifunze kumsoma farasi aliyeishiwa maji. Finya ngozi ya bega kidogo uachie, irudi mara moja, ikibaki imesimama kama hema kuna shida. Weka sikio ubavuni nyuma ya mbavu, tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote, likiwa kimya ogopa. Mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 mpaka 44 kwa dakika, na baada ya kupanda mlima ukimpumzisha nusu saa kivulini bado yako juu ya 60 basi siku hiyo imeishia hapo, hata kama mlipanga kufika mbele. Akianza kujigaragaza, kuangalia tumbo lake, kupiga teke tumbo, hajanya, hiyo ni koliki, msokoto wa tumbo, na unaua farasi. Kabla ya safari mwambieni daktari wa mifugo awape dawa ya kutuliza na awaonyeshe kipimo, maana huko ndani hamna wa kumpigia labda muwe na kifaa cha setilaiti, na mi naona kifaa hicho ni lazima.

Mwezi wa 11 ni wakati mzuri. Kiangazi sikushauri kabisa, kumbuka Phoenix mwaka 2023 ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi.

Habari za kazi. Tunakaa Salt Lake City, mume wangu na marafiki wanataka kwenda na farasi kwenye makorongo ya Escalante mwezi wa 8 kwa sababu ndio likizo yao. Mimi nimesikia habari za mafuriko nikaogopa, wao wanasema jangwa gani lina mafuriko. Nani yuko sawa? Mama Zawadi, Utah

Wewe dada. Tena waonyeshe hii.

Eneo la Grand Staircase-Escalante, lililotangazwa hifadhi mwaka 1996, ni mwamba mtupu kwa sehemu kubwa sana. Mvua ikipiga mwamba hainywewi, inateleza yote kwa pamoja inaingia kwenye makorongo, na korongo lenyewe sehemu zingine unanyoosha mikono unagusa kuta mbili. Miezi ya 7, 8 na 9 ndio msimu wa ngurumo za mchana. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa kwenye korongo la Antelope karibu na mji wa Page, Arizona, na mvua iliyoleta maji yale ilinyesha kilomita nyingi kutoka pale, wao juu yao hakukuwa na mvua ya kutisha. Hilo ndilo mumeo na marafiki zake wanatakiwa walielewe, kuangalia mbingu iliyo juu ya kichwa chako haitoshi, unaangalia eneo lote ambalo maji yake yanashukia kwako.

Sasa weka farasi hapo. Mtu peke yake anaweza kudandia mwamba, farasi hawezi. Na farasi aliyefungwa kamba kwenye mto wa mchanga usiku umemfungia kifo, maana wewe utaamka ukimbie, yeye anakungoja umfungue na maji hayangoji. Mchanga ule unavutia, ni laini, uko sawa, una kivuli, watu wanasema tulale hapa. Tazama ukutani juu: ukiona vijiti na magogo yamekwama juu kuliko kichwa cha mtu aliyepanda farasi, ujue maji yamefika pale na yatafika tena. Kambi iwe juu kwenye kingo pana, pawe na njia ya kutokea ambayo farasi anaipanda gizani bila kuongozwa.

Hata baada ya mafuriko kupita kuna mchanga unaomeza. Mafuriko yanaacha tope na mchanga uliolowa, juu umekauka unaonekana imara, farasi anakanyaga anazama mpaka tumboni. Ukiona ardhi inatetemeka mguuni simama, shuka, piga fimbo mbele yako, tafuta nyayo za ng'ombe uone walivukia wapi. Akizama shuka haraka kwa pembeni, mlegezee tandiko, usisimame mbele yake maana akijirusha kutoka anakuja juu yako.

Waambie wasogeze likizo mwezi wa 10, au wasubiri mwezi wa 4. Kazi ikikataa, basi waende kwenye vilele vya juu, sio makorongoni, wamalize kutembea kabla ya saa sita mchana na wasiwe kileleni radi ikianza.

Kaka, usiku farasi mnawaweka wapi? Mimi ningewafunga tu kwenye mti. Kijana wa Tucson

Hapana, mti usiufunge moja kwa moja. Farasi anazunguka, anapiga kwato, kamba inamenya gome, mizizi inatoka nje, na mti wa jangwani umechukua miaka mingi kufika hapo ulipo. Mnavuta kamba moja ndefu kati ya miti miwili, juu ya kichwa cha farasi, kwenye miti mnazungushia mikanda mipana ili kamba isikate gome, alafu kila farasi anafungwa kwenye hiyo kamba ya juu kwa nafasi yake, urefu wa kutosha kufikisha mdomo chini lakini sio wa kunasa mguu. Chagueni sehemu ya mawe au udongo mgumu. Na huko Utah mkiona udongo mweusi wenye vinundu vinundu, msiukanyage wala kupitisha mnyama juu yake, ule uko hai, una bakteria na kuvu na lichen, yaani kuvu na mwani vilivyoungana, vinavyoshika ardhi isipeperuke, kwato moja inaharibu kitu kitakachochukua miongo kurudi.

Jioni na asubuhi mnawaachia wale, na hapo ni pingu za miguu ya mbele, lakini siku zote mmoja abaki amefungwa. Farasi ni mnyama wa kundi, mmoja akibaki wengine hawaendi mbali. Mkiachia wote mtaamka hamna hata mmoja, na watakuwa wameshika njia ile ile mliyojia kurudi kwenye trela, ndio maana wazoefu kambi wanaiweka kwenye upande wa njia ya kurudia, ili mnyama akitoroka apite kwao kwanza. Pingu na kamba ya juu zifundishwe nyumbani, sio usiku wa kwanza porini.

Mkiondoka tawanyeni mavi, fukieni mashimo waliyochimba kwa kwato.

Assalam aleikum kaka yangu. Mimi mzaliwa wa Lamu, nimekaa Arizona miaka sasa. Punda namjua tangu sijajua kusoma, farasi simjui. Je punda hawezi hiyo safari? Na mbona watu wa huku wanasifia sana baghala? Mwana wa Amu, Tucson

Waaleikum salaam, barua yako nimeifurahia. Anaweza, tena anaweza vizuri! Punda asili yake ni punda mwitu wa Afrika, upande wetu wa kaskazini mashariki kule, jangwa ni kwao. Anavumilia kiu kuliko farasi, anakula vichaka ambavyo farasi anavikataa, na hashtuki ovyo, akiogopa anasimama anafikiri wakati farasi anakimbia kwanza. Jangwa la Sonora lina punda mwitu wengi, wajukuu wa wale walioachwa na wachimba madini, na mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti unaoonyesha kwamba punda na farasi hao wanachimba visima kwenye mito ya mchanga, vingine karibu mita mbili kwenda chini, na wanyama wengine wa porini wanakuja kunywa hapo hapo. Nilivyosoma nikasema watu wa Lamu wangeambiwa hii wasingeshangaa.

Ubaya wake ni umbo. Ni mdogo, mzigo wake ni kama nusu ya ule wa farasi, mtu mzima hampandi siku tano milimani, na mwendo ni wa taratibu. Kwa hiyo wewe unatembea kwa miguu, yeye anabeba. Mi naona kwa mtu kama wewe anayemjua punda hiyo ni njia bora kuliko kuhangaika na farasi usiyemwelewa. Ulichojifunza kuhusu shogi, ile mifuko ya mizigo ya punda, kusawazisha pande mbili zisipishane uzito, kukagua mgongo kila ukishusha mzigo, ni kile kile. Ila chukua wawili, punda mmoja peke yake anahuzunika na analia usiku kucha. Serikali ya Marekani inatoa punda mwitu na farasi mwitu waasiliwe na wananchi, chini ya sheria ya mwaka 1971, ada inaanzia dola 125, lakini ndugu yangu mnyama wa bure kabisa bado anahitaji kufugwa na kufundishwa kwa miezi.

Baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike, amechukua kimo cha mama na akili ya baba. Miguu anaiweka kwa uangalifu, hali mpaka akapasuka. Kijiji cha Supai cha Wahavasupai, wenyeji wa asili wa huko, chini ndani ya mfumo wa Grand Canyon, hakuna gari linalofika, barua na vifurushi vya posta vinateremka kwa msafara wa baghala, kama kilomita 13 za njia, na hiyo sio maonyesho ya watalii, ni posta ya kila siku ya watu. Bei yake ni kubwa kuliko farasi wa kawaida na hasahau aliyemtenda vibaya.

Nyasi za huko jangwani zinatosha farasi, au tubebe chakula? Msomaji, Mesa

Bebeni. Farasi anahitaji chakula kikavu kama kilo 9 kwa siku na jangwa halitoi hicho kila mahali. Peleti, yaani chakula kilichoshindiliwa kuwa vidonge, zinabebeka kuliko robota la nyasi, muanze kumzoesha kidogo kidogo kama wiki moja kabla. Nyasi yoyote mnayoingiza kwenye ardhi ya serikali kuu iwe imethibitishwa haina mbegu za magugu, sehemu nyingi ni lazima, na siku tatu nne kabla ya kuondoka mumlishe hiyo hiyo tu ili mavi yake nayo yasibebe mbegu. Msimwage chakula mchangani, anakula na mchanga, unakaa tumboni, ndio koliki nyingine. Mfungieni mfuko mdomoni au mtandikie turubai.

Na jifunzeni kuutambua mmea wa locoweed, jamii ya kunde, una maua ya zambarau au meupe. Unachipua mapema wakati nyasi zingine bado kavu, farasi anauonja kwa njaa alafu anauzoea anautafuta, na sumu yake inaharibu ubongo, farasi anakuwa wa kuyumba na kushtuka, hawezi kuaminika tena kupandwa. Hakuna dawa ya kumrudisha alivyokuwa.

Nyoka je? Na ile miiba ya Arizona? Dada wa Glendale

Nyoka wa njuga mara nyingi anamng'ata farasi puani, kwa sababu farasi anainama kunusa. Hatari kubwa hapo ni kuvimba, maana farasi hapumui kwa mdomo kabisa, pua zikiziba anakosa hewa. Wazoefu wanabeba vipande viwili vya mpira laini wa bomba, urefu wa kama kiganja, uvimbe ukianza wanaviingiza puani na kuvifunga kwa plasta pua zisizibe, alafu wanamtembeza taratibu kutafuta daktari. Mwombe vetinari akuonyeshe. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba.

Cholla ni kaktasi ambayo vipande vyake vinaachia na kushika ngozi, farasi akipata kwenye mguu anapiga mateke kama kichaa. Usitumie mkono. Beba chanuo pana la plastiki na koleo, chanuo unaingiza kati ya kipande na ngozi unafyatua kwa nguvu mbali na watu, miiba iliyobaki unang'oa kwa koleo.

Niko Nairobi, nitakuja kumtembelea dadangu Phoenix. Sijawahi kupanda farasi hata siku moja. Naweza kuingia huko ndani? Msomaji, Nairobi

Unaweza, ukiwa na mwongozaji mwenye leseni na wanyama wake mwenyewe, usikubali rafiki wa rafiki mwenye farasi wawili. Uzito wako pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, watakuuliza kilo zako, wape namba ya kweli. Dadako naye akitaka kujifunza taratibu, kuna chama cha Back Country Horsemen of America, kipo tangu 1973, wanachama wanajitolea kusafisha njia za farasi, akienda nao siku moja kushika msumeno atajifunza mengi kuliko kwangu. Mkiwa na farasi wenu na mnavuka kutoka jimbo hadi jimbo mtahitaji cheti cha afya na kipimo cha damu kinachoitwa Coggins, cha ugonjwa wa kuambukiza wa farasi, hivyo vishughulikieni mapema.

Omba nafasi ya mwezi wa 10 au wa 3, fanya mazoezi ya kupanda saa moja moja kabla ya safari yenyewe, na uje na jaketi zito, usiku kule milimani joto linaweza kushuka chini ya sifuri hata kama mchana ulikuwa unatoka jasho.